Usichome hizo kaunta buku, mwalimu

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kibosho, Moshi, na nastaafu Desemba hii baada ya miaka 36 kazini. Karibu miaka yote hiyo nimekuwa mwalimu wa michezo. Nina kaunta buku 11 za matokeo: riadha, netiboli, mpira wa miguu, majina ya watoto na muda wao. Wanangu wanasema nizichome, zinafuga panya. Nasikia wewe nawe ulikuwa mwalimu kabla ya kuandika vijitabu vyako vya historia ya michezo. Ulitokaje ubaoni? Na mtu kama mimi, ambaye hajawahi kuandika zaidi ya ripoti ya shule, anaweza kuandika historia ya michezo ikasomeka? Aanzie wapi?"

Marahaba, mwalimu.

Nianze na panya: usichome kitu. Hata kama hutaandika mstari mmoja maisha yako yote, hizo kaunta buku 11 zisione moto. Sababu iko ndani ya habari zangu mwenyewe, kwa hiyo niruhusu nianze huko, ingawa nitazipitisha haraka ili tufike kwenye kazi yenyewe.

Nilianza kufundisha mwaka 1976, katika shule iliyo kati ya Tengeru na Usa River, kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi. Nilikuwa mdogo kuliko walimu wote, basi nikakabidhiwa kipenga, mipira miwili na saa ya kupimia mbio ambayo kitufe chake kilitaka kubonyezwa kwa nguvu. Mchakamchaka wa alfajiri ukawa wangu, na mashindano ya kata, tarafa hadi wilaya yakawa yangu. Na kama wewe, niliandika. Sikuwa na wazo la historia. Niliandika kwa sababu nilikuwa mwalimu, na mwalimu amezoea kwamba aliyekuwepo anawekewa alama na asiyekuwepo naye anawekewa alama yake.

Mwaka 1985 binti mmoja wa darasa la saba pale shuleni alishinda mita 800 katika mashindano ya shule, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Nilisimama kwenye mstari wa kumalizia, saa mkononi. Alikimbia peku. Siku tatu baadaye gazeti likashuka Tengeru na basi la kutoka Dar es Salaam, na habari ilikuwemo, mistari minne. Muda ulikuwa sahihi. Jina halikuwa lake. Lilikuwa la binti wa shule nyingine, aliyeshika nafasi ya pili. Kesho yake asubuhi alinijia ofisini kabla ya kengele, ameshika kipande cha gazeti kilichokatwa kwa wembe, akaniuliza: "Mwalimu, sasa mimi nilikimbia wapi?"

Nikafungua kaunta buku. Nikamwonyesha jina lake, namba ya kifuani, muda. Akasoma mara mbili, akasema ahsante, akaenda darasani. Barua niliyomwandikia mhariri haikuchapishwa. Leo imepita miaka arobaini, na atakayefungua gazeti lile atakuta jina la mwingine. Penseli yangu peke yake ndiyo inayosema nani alifika wa kwanza.

Basi hapo ndipo nilipotoka ubaoni, mwalimu, ingawa kwa mwili niliendelea kushika chaki hadi nilipotimiza miaka 60, mwaka 2013. Nilianza kuandika usiku, ukurasa mmoja kila siku baada ya kusahihisha madaftari ya hesabu. Kijitabu cha kwanza kilikuwa na kurasa 36, nikakichapa Arusha kwa fedha ya kuuza maharage, nakala 200, nikaziuza langoni mwa uwanja siku za mechi. Sasa vipo 14. Watu huniuliza nilipata wapi muda wa vyote hivyo. Sikuwahi kukaa chini kuandika vijitabu 14. Kila kimoja kilizaliwa na mabaki ya kilichotangulia: jina lisilo na shule, mwaka usio na matokeo, mzee aliyesema "njoo tena wiki ijayo nikueleze ya upande wa pili". Mwandishi wa historia ya michezo akishajibu swali moja, jibu linamletea mengine matatu, na asipoyakimbia atakuwa na kazi ya maisha.

Nasi hatuko peke yetu katika njia hii. C.L.R. James wa Trinidad, aliyezaliwa mwaka 1901, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya yote. Alifundisha Queen's Royal College, shule aliyosoma mwenyewe, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Eric Williams, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo. Mwaka 1932 alihamia Uingereza, akakaa mji wa Nelson kwa Learie Constantine, mchezaji mkubwa wa kriketi, akamsaidia kuandika kitabu chake, kisha akawa anaripoti kriketi katika gazeti la Manchester Guardian. Kitabu chake mwenyewe juu ya mchezo huo kilitoka mwaka 1963, na hadi leo wanaosoma historia ya michezo huanza nacho. Sisi wa Arusha tuna sababu ya ziada ya kumkumbuka, maana mtu huyu alilisifu sana Azimio la Arusha na Mwalimu Nyerere katika maandishi yake. Alikuwa pia mmoja wa waliohamasisha Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lililofanyika Dar es Salaam mwaka 1974, ingawa mwishowe alikataa kuhudhuria kwa sababu baadhi ya vikundi vya upinzani vya Karibi vilizuiwa.

Ninachotaka ukichukue kwake ni hiki. Alipokuwa mtoto Tunapuna, nyumba yao ilitazamana na kiwanja cha kriketi, naye alikuwa akisimama juu ya kiti dirishani kutazama mchezo. Alikuja kuandika juu ya himaya, rangi, tabaka, na mambo makubwa ya karne yake, lakini aliyaanzia pale dirishani, kwa watu wa mtaa ule aliowaona wakipiga mpira na ambao dunia haikuwa na habari nao. Wewe umekuwa na dirisha la darasa linalotazama kiwanja cha shule kwa miaka 36. Anzia hapo.

Nasema hivi kwa sababu najua kishawishi kilivyo. Mtu akipata hamu ya kuandika michezo, mkono unakimbilia Simba na Yanga. Hizo zina waandishi wake na zitazidi kuwapata. Lakini nani ameandika kwa ukamilifu habari za Ushirika ya Moshi, au Ndovu na Pallsons za Arusha, timu zilizowahi kucheza ngazi ya juu ya soka nchini? Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1975, Tukuyu Stars mwaka 1986, Coastal Union mwaka 1988. Jaribu kuuliza kikosi kamili cha siku ile, na nani walikaa benchi. Na hapo tunazungumzia mabingwa. Ukishuka hadi shule za msingi, ambako wachezaji wote hao walianzia, unakuta giza tupu, na wenye taa ni walimu wa michezo waliojaza kaunta buku.

Sasa kazi.

Usianze kwa kuandika. Anza kwa kuhesabu na kupiga picha. Chukua simu, kaa karibu na dirisha mchana, piga kila ukurasa bila kuwasha taa ya simu, hata kurasa unazoona hazina maana. Andika namba ya ukurasa kwa penseli nyepesi pembeni kabla ya kupiga. Picha za kila kaunta buku ziwe katika folda yake yenye jina la mwaka. Kisha mpe mtu mwingine nakala, asiyeishi nyumba moja na wewe. Zile zenyewe ziweke kwenye tranka, na tranka liwe juu ya matofali, lisiguse sakafu wala ukuta. Mchwa wa mlimani unawajua kuliko mimi.

Nasisitiza hili kwa uchungu. Shule moja niliyowahi kufundisha ilikuwa na kitabu cha kumbukumbu za shule kilichoanza kabla ya Uhuru. Nilikisoma mara moja tu, nikasema nitarudi kukinakili likizo ya Juni. Niliporudi, stoo ilikuwa imesafishwa. Miezi michache baadaye nikanunua karanga za shilingi chache sokoni, nikafungua karatasi, nikakuta mwandiko wa wino wa bluu na maneno "relay, wavulana" na majina mawili na nusu. Nilimwuliza mama muuzaji kama ana karatasi nyingine za namna ile. Zilikuwa zimekwisha. Hicho kipande ninacho hadi leo, kina doa la mafuta.

Ukishapiga picha, chagua mwaka mmoja. Mmoja tu. Chukua ule ambao kaunta buku yake imejaa vizuri kuliko zote, uuandike wote: nani alikimbia, wapi, siku gani, mvua ilinyesha au la, nani alikuwa mwamuzi, timu ilisafiri na nini, walikula nini. Na uandike wa mwisho kama ulivyomwandika wa kwanza. Hapa mwalimu anamzidi mwandishi wa gazeti, na ndiyo imani yangu kubwa katika kazi hii. Gazeti lina nafasi ya watatu bora. Daftari lako lina nafasi ya darasa zima.

Mfano mkubwa tunao nyumbani. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Alianguka njiani, akaumia vibaya goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Wakimbiaji 75 walianza, 57 wakamaliza, naye alikuwa wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari akaingia uwanjani kwa saa 3:25:27, jua limeshazama na watazamaji wengi wameshaondoka. Zaidi ya saa nzima baada ya mshindi! Tunamjua leo kwa sababu kulikuwa na watu waliobaki na kamera na saa hadi wa mwisho alipofika. Wangefunga vitabu baada ya medali, Tanzania ingepoteza mmoja wa wanamichezo wake wanaoheshimiwa zaidi duniani. Sasa fikiria watoto wako wa Kibosho waliofika wa mwisho, na wewe ulibaki pale mstarini ukaandika muda wao. Wako wangapi ndani ya hizo kaunta buku?

Habari ya Akhwari ina somo la pili. Maneno yake maarufu, kwamba nchi yake haikumtuma safari yote ile ili aanze tu mbio bali azimalize, yamezunguka dunia kwa Kiingereza. Ukiyafuatilia utaona umbali unabadilika: pengine maili 5,000, pengine 7,000, pengine 10,000. Wazo ni lile lile, lakini kila mkono uliopokea umegusa kidogo. Kwa hiyo ukienda kumsikiliza mchezaji wa zamani, andika alivyosema, kwa lugha aliyosemea. Akichanganya Kikibosho na Kiswahili, weka Kikibosho chake kisha utafsiri chini. Usimpambie. Na usimpe maneno mazuri ambayo ni yako.

Sasa tarakimu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi tunapojikwaa. Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Aliongoza tangu bastola hadi utepe, na John Walker aliyemfukuza hadi mwisho naye akaingia chini ya rekodi ya zamani ya Jim Ryun. Ukisoma mahali pamoja utakuta dakika 3:32.2, pengine utakuta 3:32.16. Zote ni sahihi. Mtambo ulisoma 3:32.16, lakini kwa kanuni za wakati huo rekodi ya dunia ya umbali ule iliidhinishwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Sehemu za mia zilikuja kukubaliwa kwa mbio hizo mwaka 1981. Anayekosea ni yule anayeandika 3:32.20, kwa sababu ameongeza tarakimu ambayo hakuna saa iliyoisoma. (Muda ule ulidumu kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi Agosti 2022, Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12 mjini Birmingham. Miaka 48!)

Lete jambo hilo kwenye kiwanja chako. Mwezi Septemba 2025, Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, yeye na Mjerumani Amanal Petros wote wameandikiwa saa 2:09:48, wakatenganishwa na picha kwa sekunde 0.03. Hiyo ni kazi ya kamera. Wewe ulikuwa na kidole gumba, na kidole gumba kina kuchelewa kwake. Basi andika muda kama saa yako ilivyousoma, useme wazi ulipimwa kwa mkono. Kisha, kabla hujastaafu, nenda kaupime uwanja wa shule kwa tepu ndefu ya fundi. Viwanja vingi vya huko mlimani vina mteremko, na "mizunguko minne" ya shule moja si sawa na mizunguko minne ya nyingine. Niliwahi kumsifu kijana mmoja kwa muda wa ajabu wa mita 1500, nikaja kupima njia ile na kukuta haifiki hata mita 1350. Kijana alikuwa hodari kweli, lakini nilikuwa nimemsifu kwa jambo ambalo hakulifanya, na ilinibidi nimfuate nyumbani kumweleza.

Angalia pia mipaka. Ukisoma magazeti ya zamani utakutana na Jimbo la Kaskazini, lenye makao yake Arusha, ambamo Moshi na Mbulu zote zilikuwemo. Baadaye Kilimanjaro na Arusha zikawa mikoa miwili. Mwaka 2002 Manyara ikamegwa kutoka Arusha, na Mbulu ikaenda huko. Kwa hiyo bingwa wa Mbulu anaweza kuitwa wa Kaskazini, wa Arusha au wa Manyara, kutegemea mwaka wa kuandikwa. Weka jina la wakati ule, kisha la leo mara moja tu, uendelee.

Kuhusu mashahidi, nikupe kosa langu ili usilirudie. Katika kijitabu changu cha pili niliandika kwamba shule fulani ilichukua ngao ya netiboli ya wilaya mwaka 1979. Nilikuwa na wazee watatu, kila mmoja nilimhoji siku yake, na wote walisema 1979 bila kusita. Nikaona mashahidi watatu wanatosha hata mahakamani. Kijitabu kikatoka. Mwezi uliofuata mama mmoja, aliyekuwa mfungaji wa timu ile, akaja na cheti chake kilichokunjwa mara nne: 1980. Nilirudi kwa wazee wale, nikagundua kwamba wamekuwa wakikaa benchi moja kila jioni kwa miaka mingi, wakisimuliana mambo yale yale. Nilikuwa na shahidi mmoja mwenye vinywa vitatu. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mzee ni: hili uliliona mwenyewe, au mlizungumza na nani?

Na usimwulize mtu "mwaka gani". Watu hawakumbuki miaka, wanakumbuka maisha. Uliza ilikuwa kabla au baada ya Azimio, wakati wa vita vya Kagera, kabla ya kifo cha Sokoine Aprili 1984, mwaka ambao Papa Yohane Paulo wa Pili alifika Moshi, yaani Septemba 1990. Uliza mama alikuwa amebeba mimba ya nani. Halafu uchukue kalenda. Mtu akikuambia mechi ya ligi ilikuwa tarehe fulani na tarehe hiyo ikaangukia Jumanne ya mtihani wa darasa la saba, rudi ukaulize tena.

Maandishi yatakusaidia kuhakiki. Anza na maktaba ya mkoa hapo Moshi. Ukipata nafasi ya kwenda Dar es Salaam, maktaba ya Chuo Kikuu ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki wenye magazeti ya zamani: Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, Ngurumo, Uhuru, Mfanyakazi. Kwa Moshi hasa, tafuta Komkya, gazeti la Baraza la Wachagga la miaka ya 1950. Soma barua za wasomaji na matangazo ya sherehe za shule, siyo ukurasa wa michezo peke yake. Ofisi za parokia na usharika nazo zina hazina, kwa kuwa shule nyingi za mlimani zilianzia kanisani. Nenda na barua ya utambulisho, salimia, keti, na usiombe kuondoka na kitabu.

Umetaja netiboli, na hapo moyo wangu umechangamka. Wasichana ndio walioachwa nje kuliko wote. Theresia Dismas alileta medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, miaka tisa kabla ya Christchurch, na bado vijana wengi wanaomtaja Bayi hawajawahi kulisikia jina lake. Kuna ugumu mwingine: wanawake wengi hubadilisha majina wakiolewa, na mchezaji wa 1991 anapotea kwenye karatasi akiwa bado anaishi kijiji cha pili. Wewe unawajua. Umewafundisha, umehudhuria harusi zao. Unganisha jina la usichana na la sasa, na hiyo peke yake itakuwa kazi ambayo hakuna mwandishi wa mjini angeweza kuifanya. Ningekushauri kijitabu chako cha kwanza kiwe cha netiboli, na mpira wa miguu usubiri.

Waombe ruhusa lakini. Matokeo ya mashindano yalikuwa ya hadharani, hayo chapa. Ila kaunta buku za mwalimu huwa na mengine: nani hakuja kwa sababu ya ada, nani alianguka kifafa, nani alichapwa. Hayo ni ya watoto waliotuamini, na leo wao wenyewe ni wazazi. Yaache ndani ya tranka. Picha nazo zina mwenyewe. Mtafute aliyepiga au familia yake kabla hujachapa, maana sheria ya hakimiliki ipo, na COSOTA, ofisi inayoisimamia, wapo.

Kuchapa kusikutie hofu. Kurasa 40 zinatosha. Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, toa nakala 5 za kawaida, uwape watu 5 waliokuwepo, na kalamu nyekundu kila mmoja. Watasahihisha kwa furaha ambayo hujawahi kuiona kwa mkaguzi yeyote. Kisha omba namba ya kitabu, ISBN, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba, na upeleke nakala kwao. Wengi hawalifanyi hili wakiona ni usumbufu, na kijitabu kinakufa na mwandishi wake. Kikishaingia maktaba, mjukuu wa yule aliyefika wa mwisho ataweza kukiomba kwa jina.

Kuhusu uwezo wako wa kuandika: barua yako kwangu ilikuwa na tarehe, mahali, idadi ya kaunta buku na aina za michezo katika mistari minane. Hayo ndiyo maandishi ya historia. Andika hivyo hivyo, kama unavyomweleza mwalimu mgeni aliyepokea zamu yako. Ukitaka pambo, tazama tu: Uwanja wetu wa Arusha umepewa jina la Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyeandika sheria za kutunga mashairi kabla ya kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Mimi hufurahi kila nipitapo pale, na sijawahi kulipamba jambo hilo zaidi ya kulitaja.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao nitakuwa maktaba ya mkoa Moshi kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo na kaunta buku moja, ile ya zamani kuliko zote, imefungwa kwenye kanga kavu. Kama jalada limeachia au kurasa zimechanika, usibandike selotepu. Ile gundi hugeuka manjano na kula wino. Iache kama ilivyo, tutaishona kwa uzi.